Uzoefu wangu: kufungua na kurudisha kabureta pacha za MGB hapa Malindi

Nianze na hukumu kwa wasiokuwa na muda wa kusoma mpaka chini. Seti ya vipuri niliyoagiza Uingereza naipa nyota tatu kati ya tano. Fundi aliyezifungua kabureta (vifaa vinavyochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini), akazisafisha na kuzirudisha mahali pake, naye ni mtu wa injini za boti wala si wa magari, namkamilishia zote tano. Tofauti hiyo ndiyo iliyonifanya niandike. Wengi wetu wenye magari ya zamani huku pwani tunahangaika miezi kuagiza vipuri, kifurushi kikifika tunadhani gari limeshapona, kumbe kazi yenyewe ndiyo kwanza inaanza.

Gari ni MGB ya 1967, gari dogo la michezo la Kiingereza, la wazi juu, usukani kulia, injini ya silinda nne ya cc 1798. Kabureta zake ni mbili za kampuni ya SU, aina ya HS4, zimekaa bega kwa bega upande wa kushoto wa injini, na chini yake tu inapita ekzosi. Hapo ndipo matatizo mengi yanapozaliwa, nitafika.

Mimi nalikodisha kwa harusi. Bwana harusi anapanda, gari linaingia barabara ya Lamu nyuma ya tarumbeta, mwendo wa mtu kutembea, kituo baada ya kituo, mpaka ukumbini. Gari la harusi halidaiwi kasi. Linadaiwa lisimame likinguruma taratibu bila kuzima, basi. Langu lilikuwa likisimama linapanda lenyewe mpaka mizunguko 1,500 kwa dakika, mara linashuka, linakohoa, linazima. Maharusi wamo ndani, kamera zinapiga, na vijana wa beni wanaitwa kuja kusukuma. Ukishaona hivyo mara moja, mteja wa pili hakupigii simu.

Gereji moja ya mjini ililishughulikia mara kadhaa. Dawa yao ilikuwa ile ile: mkono unaingia chini ya kabureta, nati ya jeti, yaani kitundu kinachotoa petroli, inazungushwa kidogo huku, kidogo kule, gari linatulia jioni ile, kesho yake yale yale. Hakuna aliyefungua plagi kutazama. Zilipokuja kufunguliwa, plagi ya kwanza na ya pili zilikuwa nyeusi kwa masizi, ya tatu na ya nne zimepauka weupe. Kwenye injini hii kabureta ya mbele inalisha silinda mbili za mbele, ya nyuma inalisha mbili za nyuma. Kwa hiyo mbele kulikuwa na petroli nyingi kupita kiasi, na nyuma kulikuwa na hewa inayoingia kwa mlango usio wake. Hewa ya wizi haitibiwi kwa kuzungusha nati. Unaongeza petroli kuificha, ukishabadilisha mwendo inajitokeza tena.

Sasa seti yenyewe. MGB zilitengenezwa Abingdon kuanzia 1962 hadi 1980, zaidi ya 500,000, ndiyo maana vipuri vyake havijaadimika hata leo, na kabureta za SU bado zinatengenezwa Uingereza. Nilinunua seti ya kabureta mbili: jeti zilizounganishwa na mirija yake ya nailoni, sindano, vali za boya (zinazofunga petroli bakuli la kabureta likijaa), ekseli za vipepeo (visahani vinavyofungua na kufunga njia ya hewa), vipepeo vyenyewe na skurubu zake za shaba, mipira ya kuzibia na gasketi. Usafirishaji na ushuru vikijumlishwa vilikaribia bei ya vipuri vyenyewe, ujipange kwa hilo.

Kabla ya kuagiza, fungua boneti utazame. Ikiwa bakuli la boya linaning'inia ubavuni mwa kabureta, hiyo ni HS4. Ikiwa bakuli liko chini ya kabureta na huoni kitu ubavuni, hiyo ni HIF4, iliyokuja kwenye magari ya miaka ya 1970, na seti ya moja haiingii kwa nyingine. Usimwamini aliyekuuzia gari kwa mwaka tu. Magari haya yameshabadilishwa viungo mara nyingi kuliko tunavyojua.

Jeti na sindano ni nzuri, sina neno. Mipira pia. Lakini hakukuwa na hata karatasi moja ya maelekezo, gasketi hazikutosha, na vali moja ya boya ilikuja mbovu ndani ya mfuko uliofungwa kiwandani. Nyota mbili zimekwenda hapo.

Fundi wangu karakana yake iko karibu na wanakoteremshia samaki. Nilimwendea kwa sababu moja tu: mashine za boti anazozitengeneza kila siku nyingine zina kabureta mbili au tatu, na mashine ya boti isiposawazishwa mvuvi analala baharini. Mtu wa namna hiyo anajua maana ya kabureta kukubaliana. Aliliangalia gari kwa muda, akaniuliza, "Bwana, hili limelala wapi?" Nikamwambia mvua za masika zote lilikuwa bandani, na Ramadhani iliunganika humo humo, hakuna harusi. Akatikisa kichwa. Petroli iliyoachwa kwenye bakuli kwa joto la Malindi inakauka ikaacha utomvu, na hewa ya chumvi inafanya yake kwa nje.

Alianzia kwenye betri. Gari la zama zile lina betri mbili za volti 6, zimefichwa nyuma ya viti, na la kwangu bado lina chanya kwenye bodi, kinyume na magari tuliyozoea. Nasisitiza kwa sababu nimeona fundi wa magari ya kisasa akifunga jampa kwa mazoea kwenye gari kama hili. Alipozichomoa zote mbili ndipo akagusa petroli.

Kisha zikatoka filta mbili za hewa, mpira wa petroli, paipu nyembamba inayokwenda kwenye distributa, waya wa ekseleta, waya wa choki na springi za kurudisha. Kijana wake alipiga picha kila springi kwa simu kabla haijachomolewa. Hilo dogo tu liliokoa saa nzima wakati wa kurudisha, maana springi hizi zikibadilishana ndoano, kipepeo kimoja kinafunga na kingine kinabaki wazi.

Nati zilizobana kabureta ni nne, mbili kila moja, na hapa ndipo gereji nyingi zinapoharibu. Ni nati za inchi. Spana yake ni ya nusu inchi, yaani mm 12.7. Spana za Toyota ni za 12 na 14. Ya 12 haiingii, ya 14 inacheza, na mwenye 13 anaona imemfaa, kumbe inalegea kidogo na kula pembe za nati. Nati zangu mbili za chini zilikuwa zimeshalika hivyo. Fundi alikuwa na spana za inchi kwa ajili ya mashine za boti za Johnson na Evinrude za zamani, tena moja ameikata fupi makusudi. Nati ya chini ya kabureta ya nyuma aliizungusha hatua ndogo ndogo, spana inaingia, inasogea kidogo, inatoka, inageuzwa, inaingia tena. Hakuna njia ya mkato hapo.

Kabureta hakuzitenganisha. Alizivuta zote mbili pamoja na fimbo zinazoziunganisha, akazilaza kwenye sinia. Matundu ya manifoldi, paipu inayopeleka mchanganyiko kwenye silinda, akayaziba papo hapo kwa vitambaa safi. Washa moja ya nati ikidondoka humo, unafungua injini.

Kwenye meza aliomba rangi ya kucha. Mke wangu alikuwa nayo mkobani, nyekundu. Akatia nukta moja kwenye kila kipande cha kabureta ya mbele, na mbili kwenye kila kipande cha nyuma. Kwenye SU, pistoni na kuba lake la juu vimepimwa pamoja. Pistoni haina ringi wala mpira, inapanda na kushuka kwa uwazi mwembamba sana kati yake na kuba. Ukichanganya ya mbele na ya nyuma, moja itakwama na nyingine itapitisha hewa. Kijana alipouona ule ukungu wa kahawia ndani ya kuba akanyoosha mkono kwenye msasa. "Weka chini!" fundi alimkemea. "Hiki kinaoshwa, hakisuguliwi." Wakaosha kwa petroli na brashi laini, wakafuta kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, mpaka pistoni ikawa inateremka yenyewe polepole na kugota chini kwa sauti, tak.

Kisha akaishika kabureta ya nyuma, akatikisa ekseli ya kipepeo kwa vidole viwili, juu, chini. Unaisikia ikigonga. Mwizi wa hewa ndiye huyo. Akaingiza ekseli mpya ya kwenye seti, ikacheza vile vile, kwa sababu kilicholika ni tundu la mwili wa kabureta, si ekseli peke yake. Muuzaji wa seti hakuandika popote kwamba ekseli ya kipimo cha kawaida haisaidii kabureta iliyolika mwili. Ilibidi miili miwili ipelekwe kwa fundi wa kukereza, matundu yakapanuliwa na kutiwa bushi za shaba. Kazi hiyo ilifanyika hapa hapa mjini, na ndiyo shilingi iliyokwenda mahali pake kuliko zote nilizotoa. Skurubu za kipepeo zilipofungwa, mikia yake iliyopasuliwa ikapanuliwa kidogo kwa bisibisi zisije zikalegea. Zikilegea zinamezwa na injini.

Wakati wa kurudisha ndipo nilipojua gasketi hazitoshi. Mpangilio, kutoka kwenye manifoldi kuja nje, ni gasketi, kipande kinene cha kuzuia joto, gasketi, bati la kinga ya joto, gasketi, ndipo kabureta. Bati hilo ndilo linalotenganisha bakuli za petroli na ekzosi iliyo chini. Nimewahi kuona MGB watu wamelitoa kwa sababu linasumbua mikono, halafu wanalalamika gari likipata moto haliwaki. Kwa joto la Februari hapa, petroli inachemka kwenye bakuli. Seti yangu ilikuwa na gasketi za mtu asiye na bati.

Basi fundi akachukua karatasi ya gasketi, akailaza juu ya uso wa kabureta, akawa anagonga pembeni kwa nyundo ndogo yenye kichwa cha mviringo, taratibu, ukingo wa chuma wenyewe ukaikata. Matundu ya boliti vivyo hivyo. Mimi nikapendekeza silikoni. Akakataa katakata: petroli inailainisha, vipande vinang'oka na kwenda mnakokujua. Nyuso zote akazipima kwa rula ya chuma, akimulika tochi kwa nyuma kuona kama mwanga unapenya. Nati nne akazikaza kwa zamu, hii kidogo, ile kidogo, maana ukikaza upande mmoja mpaka mwisho, uso wa kabureta unapinda na hewa inapata njia mpya.

Betri zikarudi. Ufunguo ukawashwa bila kupiga stata. Pampu ya petroli ya gari hili ni ya umeme, iko nyuma, na inafanya kazi kwa sauti: tik-tik-tik kwa haraka, inapunguza, inanyamaza bakuli zikijaa. Safari hii haikunyamaza. Ikaendelea tik, tik, tik, na paipu ya kumwagia ya kabureta ya mbele ikaanza kudondosha petroli. Fundi akazima, akagonga bakuli kwa mpini wa bisibisi, akawasha, ikanyamaza, halafu ikaanza tena. Hapo ndipo ile vali mpya mbovu ilipojulikana. Tulirudisha ya zamani, iliyooshwa, na haijavuja mpaka leo. Na paipu hizo za kumwagia hakikisha zinafika chini kabisa kupita ekzosi. Kizima moto nacho kisiwe mbali, nasema bila utani: tungi la kuzimia moto lilikuwa miguuni petu muda wote.

Kusawazisha ndiko kulikonifurahisha. Kwanza alilegeza vibanio vya fimbo zinazounganisha kabureta mbili, kila moja ikawa huru. Jeti zote mbili akazipandisha mpaka zikalingana na sakafu ya koo la kabureta, kisha akateremsha kila nati mizunguko miwili kamili, yaani pembe 12. Ndipo injini ikawashwa, ikaachwa ipate moto sawasawa. Akachukua mpira mwembamba wa petroli, ncha moja sikioni, nyingine kwenye koo la kabureta ya mbele, akasikiliza. Akahamia ya nyuma. Akapunguza skurubu ya mwendo huku, akaongeza kule, mpaka mvumo ukawa mmoja. Akanipa na mimi nisikilize. Kweli, ukilinganisha haraka haraka unazisikia mbili zikikaribiana mpaka huwezi kuzitofautisha. Kuna vipimo vya kuuza vya kazi hii, vyenye kioo na kielelezo, na nadhani ni vizuri kwa asiye na sikio.

Kisha mchanganyiko. Kila kabureta ina kipini kidogo cha kuinulia pistoni. Unakiinua kiasi cha mm 0.8 hivi, si zaidi. Mwendo wa injini ukipanda na kubaki juu, petroli ni nyingi, nati inapandishwa. Ukishuka injini ikataka kuzima, petroli ni chache, nati inateremshwa. Ukipanda kidogo tu halafu ukarudi, umefika. Alikwenda pembe moja moja ya nati, mbele, nyuma, mbele, akirudi kila mara kwenye mpira wa sikioni, kwa kuwa ukigusa hiki kile kinabadilika. Mwisho akapuliza spreyi ya kusafishia kabureta kidogo sana kwenye viungo, mahali pasipo na ekzosi, kusikiliza kama mwendo utabadilika. Haukubadilika.

Jambo moja ambalo wengi hawalifanyi ni oili ya juu. Kofia nyeusi iliyo kileleni mwa kila kuba ina kijiti kinachozama kwenye oili, na oili hiyo ndiyo inayoizuia pistoni isiruke ghafla unapokanyaga. Ikikauka, gari linasita ukiliongezea moto. Hapa mjini watu hutia oili ya cherehani, nyepesi mno. SU wenyewe wanataka oili ya injini ya SAE 20. Zangu zilikuwa kavu kabisa zote mbili, na gereji ile ya kwanza haikuwahi hata kuzifungua kofia.

Tulilijaribu kwa kuvuka daraja la Sabaki mpaka Mambrui na kurudi. Plagi zikafunguliwa, zote nne zina rangi moja ya kahawia inayokaribia kijivu. Harusi za Mfunguo Mosi zote limefanya, linasimama nyuma ya tarumbeta kwa mizunguko 800 hivi na halishuki. Asubuhi linahitaji choki kidogo tu. Petroli linakula kidogo kuliko zamani, ingawa sikuwahi kupima kwa lita, kwa hiyo lichukueni hilo kwa tahadhari.

Malipo ya fundi pamoja na ya kukereza hayakufika niliyolipa ushuru na usafirishaji. Kasoro zake zipo. Haandiki risiti, simu hapokei akiwa kazini, na boti ikija imekufa mashine anakuacha na kabureta zako kwenye sinia, mvuvi ana haki kwanza. Gari haliruhusu lilale kwake, ni juu yako kulivuta nyumbani. Mwenye haraka ya harusi ya Ijumaa asimwendee Jumatano.

Ukienda, nenda baada ya alasiri, asubuhi yuko ufukweni. Chukua gasketi za ziada na karatasi yake, vali za boya za zamani usizitupe hata kama seti ina mpya, na beba spana yako ya nusu inchi, maana yake haiazimi.